Safu ya Ushauri: Vipande vya biti ninavyo tele, wimbo kamili sina hata mmoja

Wapendwa washauri,

Habari za kazi. Nina miaka 27, nimepanga chumba Sakina hapa Arusha, na nimeajiriwa kwenye ofisi ya utalii, kitengo cha kupanga safari za wageni. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni, Jumamosi tunafunga saa saba mchana. Msimu wa wageni ukichanganya, simu hailali.

Usiku natengeneza muziki wa elektroniki wa kuchezeka: hausi ya 124 BPM (mapigo kwa dakika), na mara chache singeli. Shida ni kwamba sijawahi kumaliza wimbo. Folda imejaa vipande vya bari nane (bari moja ni mapigo manne) ambavyo vikijirudia vinanoga kweli, ila nikitaka kuviendeleza nakwama na kuishia kufungua projekti mpya. Rafiki yangu kondakta akikipiga kipande changu kwenye hiace, besi inapotea kabisa. Kikipigwa baa kwenye sabufa, unasikia mvumo tu na kiki, ile ngoma nzito ya mdundo, haijulikani iko wapi. Kwenye hedifoni zangu za blutuzi mbona kila kitu kiko sawa?

Laptop yangu ina RAM ya GB 8 na ile diski ya zamani ya kuzunguka. FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, niliwekewa na jamaa wa duka la kompyuta. Umeme ukikatika nikabaki na betri, sauti inaanza kukwaruza, na juzi juzi projekti moja imegoma kabisa kufunguka. Mama mwenye nyumba naye keshanionya kuhusu spika.

Kikoba chetu kiko tayari kunikopesha milioni moja na laki mbili ninunue spika za studio na sponji za ukutani. Nichukue? Au niache kazi mwaka mmoja niingie kwenye muziki mazima?

Biti Nusu, Sakina

*

Ndugu Biti Nusu,

Mkopo usichukue na kazi usiache; sababu utazikuta huko mbele. Tuanze na vipande, kwa sababu hapo ndipo ulipokwama hasa, na hakuna spika itakayokunasua.

Kipande cha bari nane kinanoga kwa kuwa kila chombo kinapiga kwa wakati mmoja: kiki, klapu (mlio wa makofi), haihati (sahani za ngoma), besi, kinanda, sauti ya mtu. Tayari kiko kileleni. Ukikaa mbele yake ukijiuliza uongeze nini, utaongeza, kitabanana, utachoka nacho, utafungua kingine. Kazi iliyobaki kwenye vipande vyako vyote ni ya kupunguza. Hicho ulicho nacho ni katikati ya wimbo, na wimbo uliobaki ni kipande hichohicho kikiwa kimenyimwa vitu.

Kwa 124 BPM, dakika moja inabeba bari 31. Wimbo wa bari 160 unatoka dakika 5 na sekunde 10, urefu unaomtosha DJ. Chukua kipande kimoja, kinakili mara 20 mpaka bari ya 160, halafu anza kufuta. Bari ya 1 hadi 16 bakiza kiki, haihati na kitu kimoja cha kugonga. DJ anahitaji nafasi hiyo kuingiza wimbo wako juu ya uliopo. Bari ya 17 hadi 48 besi inaingia, na kinanda kinaanza kusikika kwa mbali, chujio la sauti (filta) likiwa limefungwa kisha likifunguka taratibu. Bari ya 49 hadi 64 kiki na besi zinatoka, wanabaki kinanda na sauti. Bari ya 65 hadi 96 vyote vinarudi, na hapo ndipo kinapokaa kile kipande chako kama kilivyo. Bari ya 97 hadi 112 pumzisha tena. Bari ya 113 hadi 144 vyote tena, pamoja na kitu kimoja ambacho msikilizaji hajakisikia tangu mwanzo. Bari ya 145 hadi 160 toa kimoja kimoja mpaka zibaki ngoma tupu.

Alama za mgawanyo huo ziweke kwenye mstari wa muda kabla hujafuta chochote, na zihifadhi kama kiolezo cha nyimbo zote zijazo. Baada ya hapo, kila baada ya bari nane lazima kitu kimoja kibadilike, hata kama ni haihati kufunguka au klapu kuruka pigo la mwisho. Mabadiliko mawili makubwa kwa wakati mmoja yanapunguziana nguvu.

Kosa linalojitokeza zaidi ni dropu, yaani pale vyote vinaporudi baada ya mapumziko, kutogonga. Prodyuza anapandisha sauti ya kiki, anaongeza mlio wa kupanda, lakini wapi. Sababu kwa kawaida iko kabla ya dropu: kwenye mapumziko sauti za chini hazikuondoka kabisa, mkia wa rivabu (mwangwi ulioongezwa) ya besi bado unavuma. Bari ya 57 hadi 64 kata kila kitu kilicho chini ya 200 Hz (Hz ni mitetemo kwa sekunde; namba ikishuka sauti inakuwa nzito), rivabu ikiwemo, na ukate kwenye traki zote. Hizo ni sekunde 15 na nusu sikio likiwa na njaa ya besi. Nusu ya mwisho ya bari ya 64 nyamazisha karibu vyote, kisha bari ya 65 uachie. Kiki haitahitaji hata desibeli moja ya ziada.

Kwenye singeli hesabu inabadilika. Mwendo wake unavuka 200 BPM na kuna nyimbo zinazofika 300. Kwa 240 BPM bari moja ni sekunde moja kamili, kwa hiyo bari 160 zinakwisha kwa dakika 2 na sekunde 40. Huko badilisha kitu kila bari 16, la sivyo wimbo utasikika kama redio inayotafuta stesheni.

Sasa muda. Kwa ulivyoandika, ukitoa saa ya chakula cha mchana, kazi inakula saa 45 kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha saa za kawaida katika sheria ya ajira ya 2004. Muda unao. Kinachokumaliza ni kufungua projekti kila usiku bila kujua unakwenda kufanya nini, kichwa kikiwa bado kiko kwenye vocha za hoteli. Kutunga, kupanga, kutengeneza milio na kumiksi ni kazi nne tofauti, na usiku wa siku ya kazi unatosha moja tu, tena ile ndogo.

Tenga usiku mara mbili kwa wiki, dakika 45 kila mara, na Jumapili saa tatu mfululizo mchana. Jumla ni saa nne na nusu. Usiku wa siku za kazi fanya vitu visivyodai maamuzi makubwa: kupanga sampo (vipande vya sauti vya kutumia) kwenye folda, kuzipa majina, kutengeneza mlio mmoja wa besi kwenye Vital au Surge XT (sinthi, yaani vinanda vya kompyuta; zote zinapatikana bure), kufuta ulichoandika kuwa kifutwe. Maamuzi yabaki Jumapili. Jumapili ya kwanza chagua kipande na ukisambaze hadi bari ya 160. Ya pili futa mpaka umbo litokee. Ya tatu weka otomesheni (mipangilio inayojibadilisha yenyewe wimbo ukienda) na yale mabadiliko ya bari nane. Ya nne miksi na utoe faili. Ikifika Jumapili ya nne wimbo haujakupendeza, utoe hivyohivyo. Wimbo wa tano utakuwa mzuri kuliko wa kwanza kwa sababu ya zile nne, na vipande mia vya bari nane havikufundishi kumalizia.

Kumiksi saa nne usiku baada ya kutwa nzima ya simu usithubutu. Sikio lililochoka linapoteza kwanza ukali wa juu, nawe unafidia kwa kuongeza haihati na vokali (sauti ya mtu). Asubuhi unakuta wimbo unachoma. Ukimaliza kila kikao, kabla ya kuzima, andika mstari mmoja kwenye simu: kazi ya kikao kijacho ni ipi. Na safari ya hiace kutoka Sakina kwenda mjini itumie kusikiliza tu, ukiandika dakika na kasoro: "2:14 klapu iko juu", "3:40 panachosha". Orodha hiyo ndiyo kazi yako ya usiku.

Kuhusu besi, hiace na baa zinakuonyesha makosa mawili tofauti. Spika ndogo za hiace, kama za simu, haziwezi kutoa sauti za chini kabisa. Kama besi yako ni wimbi laini tupu lililokaa 55 Hz, yaani noti ya A, pale hakuna cha kusikika. Dawa ni kuipa besi milio ya juu yake, 110, 165 na 220 Hz, ambayo sikio huitumia kukisia noti ya chini hata isipokuwepo. Nakili traki ya besi, kwenye nakala kata chini ya 100 Hz, ipitishe kwenye Fruity Fast Dist, kifaa cha FL Studio cha kukwaruza sauti, mpaka ianze kukoroma kidogo, kisha ishushe iwe kama desibeli 12 chini ya besi halisi. Ukiizima unapaswa kuona besi imepungua. Ukiiwasha usiisikie kama chombo cha peke yake. Ukiisikia, umezidisha.

Kule baa, sabufa inatoa kila kilicho chini, na kwako kuna vingi vinavyogombea hapo. Kinanda, vokali, klapu na milio yote isiyo besi wala kiki ikate chini ya 120 Hz. Kisha amua nani anamiliki sakafu. Kiki ndefu yenye mzizi karibu 50 Hz inataka besi iliyokaa juu kidogo; kiki fupi inayogonga 80 hadi 100 Hz inaiachia besi huko chini. Zote mbili haziwezi. Baada ya hapo funga sidecheni: elekeza kiki kwenye traki ya besi, weka Fruity Limiter upande wa kompresa (kishusha sauti), ataki, yaani kasi ya kuanza kushusha, iwe ya haraka kabisa, besi ishuke desibeli 6 hadi 8 kila kiki inapogonga, irudi kwa milisekunde 120 hadi 150. Pigo moja kwa 124 BPM ni milisekunde 484, kwa hiyo nafasi ipo. Kwa singeli ya 240 BPM pigo ni 250 tu. Huko rejesha kwa 60 au 70, vinginevyo besi haitapata muda wa kusimama.

Kuna la tatu. Mifumo mingi ya baa inachanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja. Kama uliipanua besi kwa athari ya korasi au kwa plagini (programu ndogo ya ziada) ya stereo, pande mbili zikichanganywa zinafutana. Kila kilicho chini ya 120 Hz kikae katikati. Na kabla ya kutoa faili, sikiliza wimbo mzima ukiwa umeunganisha pande zote mbili kwenye masta, ile njia ya mwisho ya sauti zote; kitakachopungua ghafla ndicho chenye kasoro.

Hedifoni za blutuzi zikubalie kwenye hiace tu. Nyingi zimeongezwa besi kiwandani, ndiyo maana kwako kila kitu kiko sawa, na kuchelewa kwake kunakufanya upige kibodi nje ya mdundo. Nunua za waya zilizofunga sikio, aina ya studio. Sony MDR-7506 na Audio-Technica ATH-M40x ni mfano wa zinazoaminika, ila kagua vizuri kwa sababu feki zimejaa. Sauti iwe ya kiasi: kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, desibeli 80 unaweza kukaa nazo saa 40 kwa wiki, lakini 90 ni saa 4 tu.

Hapo ndipo mkopo unapokosa maana. Chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu kinarudisha sauti ya 57 Hz ikiwa imevimba, kwa sababu wimbi la 57 Hz lina urefu wa mita sita, na nusu yake, mita tatu, inaenea sawasawa kati ya ukuta na ukuta. Ukikaa sehemu moja besi inakuvamia, ukisogea hatua mbili inatoweka. Spika za bei kubwa zitakupa ukweli ambao chumba kitaupotosha. Sponji nyembamba za ukutani zinapunguza mwangwi wa sauti za juu, hazizuii besi. Trei za mayai hazizuii chochote. Na besi ndiyo inayovuka ukuta kwenda kwa mama mwenye nyumba. Tumia hedifoni. Ukitaka kusikia besi kifuani, muombe mwenye baa dakika kumi mchana wa Jumapili kabla wateja hawajaanza kuingia.

Fedha kidogo uliyo nayo iende kwanza kwenye SSD, diski isiyozunguka. Ya inchi 2.5 yenye GB 500 inaingia mahali pa diski ya zamani, na ni hiyo itakayofanya sampo zifunguke bila kusubiri. RAM ya GB 16 ifuate, baada ya fundi kukuhakikishia kuwa laptop yako ina nafasi. Mkwaruzo wakati wa betri unatokana na kompyuta kujipunguzia kasi ili kuokoa chaji. Weka mpangilio wa nguvu kwenye ufanisi wa juu, na bafa (akiba ya sauti kabla ya kupigwa) ya kadi ya sauti ipandishe hadi sampuli 1024. Ukiwa unapiga kibodi irudishe 128 au 256, kwani 1024 inachelewesha sauti kwa takribani milisekunde 23, na vidole vinaona. Traki za sinthi ulizomaliza zigeuze kuwa WAV na uzime plagini yake, prosesa itapumua.

Umeme ukikatika chomoa adapta. Hatari kubwa iko wakati unaporudi, pale volti inaporuka. Kile kifaa cha kulindia friji kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kinafaa kwa laptop vilevile. Washa hifadhi ya kiotomatiki ya dakika tano, na kila kikao anza kwa Ctrl+N, ambayo kwenye FL Studio inahifadhi toleo jipya bila kugusa la jana. Projekti ikiharibika unapoteza jioni moja tu.

Projekti iliyogoma huenda si umeme ulioiua. Toleo la majaribio la FL Studio linakubali kuhifadhi projekti lakini halikubali kuifungua tena. Nalo toleo la kuvunjwa, lisilo na leseni, ambalo mafundi wengi wa kompyuta huweka, linaweza kugoma siku yoyote na mara nyingi linakuja na virusi. Nunua leseni, masasisho yake ni ya maisha. Kama bado, hamia Reaper, inayokupa siku 60 za majaribio na leseni yake ya watu binafsi ni dola 60, au Waveform Free isiyolipiwa. Kila wimbo ukiisha toa traki zake moja moja kama WAV. Kwa 24-bit na 44.1 kHz ni karibu MB 16 kwa dakika, hivyo traki 12 za wimbo wa dakika tano zinakaribia GB 1. Ziweke kwenye flashi, wala usizipakie mtandaoni kwa bando la wiki. Za kuwatumia watu ni MP3 ya 320 kbps, kama MB 12.

Kwenye masta, acha miksi ifike −6 dB kileleni kabla ya kugusa limita, kifaa kinachozuia sauti isivuke kikomo. Spotify inasawazisha nyimbo karibu na −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima), kwa hiyo kuisukuma sana kwa ajili yake ni kujichosha. Nakala ya DJ inaweza kufika −9, kilele kisivuke −1 dB.

Tahadhari mbili za haraka. Usitengenezee muziki kwenye kompyuta ya ofisi, na usome mkataba wako kuhusu kazi za nje. Na kwa kuwa uko kwenye utalii, utashawishika kurekodi nyimbo za Wamaasai kule kwenye kambi za wageni na kuzikata kuwa sampo. Omba ruhusa, lipa, andikeni makubaliano yenye sahihi. Hakimiliki yako wewe inaanza pale unapoitunga kazi. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi, na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, jisajili kabla ya kuanza kulipwa kwa kupiga hadharani.

Kuacha kazi? Mtu ambaye bado hajatoa wimbo mmoja hana anachokwenda kukifanya kwa mwaka mzima. Atatengeneza vipande vya bari nane asubuhi badala ya usiku, na kodi ya chumba haitasubiri. Kazi yako ina kitu ambacho wa benki au dukani hana: msimu. Juni hadi Oktoba usijidanganye, wewe kusanya sampo, tengeneza milio, miksi vilivyokwishapangwa. Masika, Machi hadi Mei, wageni wanapungua, na hapo ndipo pa kutunga na kupanga nyimbo mpya. Sheria inakupa likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka. Iombe Aprili au Mei, wakati barabara za mbugani zimejaa matope na bosi hana sababu ya kukukatalia. Barua iandike Februari, kabla wenzako hawajagawana Pasaka.

Washauri